Opiyo, Ninunue Hedifoni Moja au Mbili?

Kwako Opiyo, uliyenitangulia kuzaliwa kwa dakika chache na hadi leo hujaacha kujisifia,

Zile iyafoni ulizoniachia zimekufa. Nilikuwa nazikunja waya pale karibu na pini kama ulivyonifundisha, nazifunga na uzi, zinaongea siku mbili tatu. Mwishowe zilinyamaza kabisa. Na unajua cherehani yangu imepakana na mashine ya kusaga mahindi. Bila muziki masikioni, jioni narudi nyumbani kichwa kinavuma.

Basi Jumamosi nikaamua nivuke Busia, upande wa Kenya, nitafute hedifoni za maana, zile kubwa za kufunika sikio. Mama alikuwa uani anachambua karanga.

"Wee Adongo, wewe nanunua ngapi?"

"Moja, mama."

Mikono yake ikasimama. "Pacha hapana nunuliwa moja. Ukileta moja, umezika ndugu yako."

Unamjua mama. Vikombe viwili, sweta mbili. Viatu vyako vikichanika, na mimi napata vipya. Mgeni aliyekuja kwetu Mulanda na ndizi moja alizungushwa mpaka apate ya pili. Lakini wewe umenyamaza tangu mvua za kupanda, na sasa karanga zimeshavunwa. Simu yako haipatikani. Wakala aliyekupeleka Uarabuni kulinda geti anasema tusubiri tu. Mchezo wetu wa drafti kwenye simu bado umeandika ni zamu yako. Naufungua kila asubuhi, kete zako ziko palepale. Siku nyingine nalia, siku nyingine nakukasirikia, na kuna siku nafanya vyote viwili kabla ya chai.

Nilifika kwa Nafula, yule mama wa vifaa vya simu. Akanipangia hedifoni mezani hadi nikachanganyikiwa.

"Hii haina waya, kwa ngoma iko poa sana. Lakini ukicheza gemu, sauti inachelewa kidogo. Hii ya waya haichelewi, na waya wenyewe unachomoka. Ukikatika, unabadilisha tu."

Akaikunja ile ya waya mbele yangu ili nione ina chuma ndani, ikarudi sawasawa. Nyingine ilikuwa laini kama mto, ila ngozi yake, alisema, hubanduka kwa jasho. Nyepesi zilionekana dhaifu, na ngumu zilikuwa nzito. Mimi nacheza drafti tu, sauti ikichelewa inanihusu nini? Lakini wewe ni mtu wa gemu za mpira, wewe ingekukera. Nikawa nachagulia vichwa viwili, na kimoja sijui kiko wapi.

Nikakukumbuka siku ile sokoni Tororo, ulipomwachia muuzaji kiatu chako kimoja kama dhamana, ukazunguka soko zima na hedifoni kichwani, mguu mmoja peku, unatafuna chapati. Watu walicheka, mimi nikajifanya sikujui. "Taya ikitembea ndiyo utajua kama zinabana," ulisema. Wala hatukuwa na nia ya kununua.

"Nipe mbili," nikamwambia Nafula. Mdomo wenyewe ulizoea.

"Ya pili ni ya nani?"

"Ya pacha wangu."

"Kichwa chake ni saizi yako?"

"Kikubwa zaidi," nikasema haraka.

"Basi si aje ajaribu mwenyewe, dada? Hii kitu si ya kubahatisha. Ikimbana utanirudishia hapa."

Nilitaka kumwambia uko njiani. Nilitaka pia kumwambia hatujui. Badala yake nikanunua chapati kwa jirani yake, nikavaa ile ya waya, nikaanza kutafuna. Haikubana. Nikaweka ule wimbo wetu wa njia ya shule, ule tuliokuwa tunagawana iyafoni, kushoto kwako na kulia kwangu, tukitembea bega kwa bega waya usije ukachomoka.

Opiyo, kuna gita upande wa kushoto. Miaka yote ile lilikuwa kwako. Nilikuwa nakuona unatikisa kichwa mahali ambapo mimi sisikii kitu, nikidhani unaringa. Ni gita zuri mno. Nililia pale mezani kwa watu, chapati ikiwa bado mdomoni.

"Zinabana?" Nafula akauliza.

"Hapana. Ziko sawa."

Nimenunua moja. Nilipofika nyumbani nilimwambia mama ukweli, kwamba kichwa chako ni kikubwa na lazima ujaribu mwenyewe. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, "Basi akuje ajaribu." Sijui kama nilimpa matumaini au nilijitafutia pa kujificha. Nakuuliza wewe kwa sababu ndiwe uliyekuwa unaamua, na mimi nilikuwa nalalamika tu halafu nafuata.

Sasa naivaa kazini. Kulia naifunika sikio, kushoto naisukuma nyuma, na mashine ya kusaga inaniingilia yote. Mwenzangu wa cherehani ya pili ananishangaa: "Wewe umenunua nzima, kwa nini unatumia nusu?" Na kichwa bado kinavuma kila jioni.

Lile gita nimelisikia mara moja, na sitalisikiliza tena mpaka uje. Ni zamu yako, Opiyo. Cheza.

Pacha wako aliyekufuata,
Adongo