Chiriku na Salamu za Dada

Jumapili, 3 Machi 2024
Mwaka wa thelathini na nane tangu nivuke mpaka na sanduku moja. Leo dada yangu, niliyemwacha nyumbani, kapiga simu ya video. Amepaka rangi chumba changu, kaweka na dirisha jipya. Rudi uzeekee kwenu, kaka, huko unangoja nini? Nilifurahi kama mtoto! Kisha akamwona mjukuu wangu nyuma yangu. Kigelegele! "Chiriku! Umenenepa! Mwili huo, mjukuu wangu!" Kwetu hiyo ni sifa — maana yake hulali njaa. Chiriku akatabasamu. Chakula cha jioni hakukigusa.

Jumatano, 6 Machi
Tena hajala. Binti yangu, mama yake, ni mwokaji. Mikate huja nyumbani ingali ya moto. Mtoto anaumega wake, anautawanya sahanini uonekane umeliwa. Ujanja! Na macho kwenye simu. Nimechungulia — wasichana wanapima viuno kwa waya wa chaja. Halafu mtu anakula kuku mzima mbele ya kamera, naye Chiriku anameza mate. Akitazama mmoja, simu inamletea kumi. Nikamwambia weka hiyo, ule. "Na yako, Babu?" Kweli. Nilikuwa nasoma hali ya hewa ya mji wetu wa zamani. Chai yangu imeshapoa.

Jumamosi, 9 Machi
Zahanati. Tulidhani mama yake ndiye atakayeongea. La! Chiriku alijieleza mwenyewe. Miaka kumi na mitano! Kwamba njaa inamnyima usingizi. Asipolala anashika simu. Akishika simu anaona miili ya watu. Akishaiona hataki kula. Daktari aliacha kuandika, akamtazama. Alisema wengi huchukua miezi kuuona mzunguko huo. Mimi kifua mbele, utadhani nimejieleza mimi.
Tumekubaliana: tule pamoja, simu zote ndani ya droo, na mwili wa mtu usizungumzwe mezani. Tusimnyang'anye simu, daktari kasema. Tupunguze pamoja naye. Tutarudi kwake kila wiki.

Alhamisi, 14 Machi
Supu, na kipande cha mkate. Mama yake alitaka kushangilia — nikamkanyaga mguu chini ya meza. Tukaongea mpira.

Ijumaa, 15 Machi
Hakuna kitu. Mlango kaufunga.

Jumapili, 17 Machi
Dada kapiga. Nilitaka kumwonya kwanza, Chiriku akanizuia. "Niachie, Babu." Shikamoo yake haijafika mwisho, dada kashaanza: mbona umepungua hivyo, hawakulishi hao? Mtoto akashika ukingo wa meza.
"Bibi, nakuomba. Usiusalimie mwili wangu. Nisalimie mimi."
Kwa adabu kabisa! Bila kupepesa!
"Marahaba," dada akasema, polepole. "Haya. Umeamkaje?"
"Vibaya kidogo, Bibi. Lakini nimeamka."
"Basi na mimi magoti yamenikataa leo. Tumekuwa wawili."
Chiriku akacheka. Nimesoma vitabu vingi maishani, wala sijawahi kuthubutu kumwambia mkubwa wangu neno zito namna ile, na kwa upole ule. Najivuna. Acha nijivune.
Kabla ya kukata, dada kaniuliza, na wewe, tiketi lini? Nikasema tutaongea.
Sasa simu zimo ndani ya droo. Mama mtu yuko kazini. Mkate uko mbele ya Chiriku, na yai. Hajaanza. Ameniambia, andika, Babu, usinikodolee macho. Basi naandika. Kaugeuza mkate upande wa pili. Kaurudisha. Ameuliza kama nitakaa mpaka amalize, hata akichelewa sana. Nimesema nitakaa.
Amemega. Bado ameshika.
Sitarudi nyumbani.