Nilimwapia Mama Mkwe Kwamba Syombua Atarudi Mlimani

Shangazi Gakenia, hebu nisaidie kabla sijajiaibisha zaidi. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Kasikeu, miaka hamsini na mbili, tumbo limenitangulia, na nimeandika riwaya ya vijana yenye mizimu na mlima unaoongea, tafadhali usicheke. Hadithi yenyewe ni ya mama mkwe, na kwa desturi yetu Wakamba mimi na yeye hatuketi pamoja wala kutazamana, kwa hivyo alimsimulia mke wangu Mbinya naye akaniletea, pamoja na sharti moja: huyo msichana Syombua, aliyeuapia mlima kwamba watu wake wakipata mvua atarudi kuutumikia, lazima arudi, nami nikatuma jibu, "Mwambie mama naapa, atarudi." Sasa mhariri anasema vijana hawataki kulia, ati Syombua avunje kiapo aolewe na mwana wa mfalme, la sivyo kitabu hakitoki, na nimekingoja miaka sita, Shangazi, na kwa vile mama mkwe hajui kusoma nikawaza, kitoke tu na harusi, halafu Mbinya amsomee ule mwisho wa kwanza kutoka kwa daftari langu. Mbinya aliniangalia tu, akasema, "Baba Kasiva, hiyo utamsomea mwenyewe." Nifanyeje?

Kimeu, Kasikeu

Mwalimu Kimeu, pole. Miaka sita si mchezo. Lakini jisikilize basi! Umeandika kitabu kizima juu ya msichana anayepanda mlima peke yake kutimiza neno lake, na wewe kumpigia mhariri simu kumekushinda? Tena unataka kumdanganya mama kwa kinywa cha binti yake. Heshima ya kutomtazama mkwe haikuwekwa ili upate pa kujificha.

Leo hii, kabla ya chai ya saa nne, mwambie mhariri Syombua anarudi. Akisema mwisho wako umelegea, uandike upya hata mara kumi, hiyo ni kazi yako. Akikataa kabisa, chukua mswada wako utafute mwingine.

Wa kukufungua kiapo ni mmoja tu, mama mkwe. Ukitaka, mtume Mbinya akamwombe, lakini amweleze yote, na ile hila ya daftari pia. Umeshtuka, sivyo? Basi jibu unalo, Mwalimu. Piga simu.