Maziwa ya Bihogo

Kazo, Jumatano

Kwa dada yangu Kobusingye,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, ambao wawili wa mwisho sijawatia machoni. Sisi huku hatujambo. Mvua imekuja kwa wakati, ng'ombe wanashiba. Baba anakula vizuri ingawa macho yamekwisha kabisa. Anatutambua kwa sauti na kwa mwendo. Chakula nampikia mimi kila siku, na ugali wa ulezi usipokuwa na mchuzi wa samli hakubali kwamba amekula.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu, baada ya miaka kumi na tisa ya kutumiana salamu kwa midomo ya watu. Nakuomba usiirudishe bahasha. Isome mpaka mwisho, hata kwa hasira.

Mwaka jana niliokoka. Cheka ukipenda, hata mume wangu Katungi alicheka. Nilijiunga na walokole wanaokutana kila Alhamisi kwa Mama Kyarikunda kusoma Biblia. Unawajua walokole wa kwetu: mtu akiguswa na neno husimama akataja kosa lake mbele ya wote, kisha humwendea aliyemkosea, ndipo wanamwimbia. Mimi nilisimama nikakiri wivu na kusengenya, nikaimbiwa vizuri tu. Nikajihesabu nimemaliza.

Kisha akaja Mwalimu Bangirana, msomaji mpya wa kanisa, aliyehamishiwa kwetu kutoka huko kwenu Hoima. Alhamisi moja baada ya Pasaka akafundisha habari za Yakobo. Mzee haoni, mtoto mdogo anamletea chakula kitamu, anamdanganya, na baraka ya mkubwa inapotea. Alipofika hapo aliinua uso akanitazama. Bakuli la baba lilikuwa miguuni pangu, maana nilitoka kumlisha nikapitiliza. Nikasema moyoni, huyu kaambiwa.

Majuma yaliyofuata akaingia kwa Yusufu na ndugu zake, wale waliomdanganya baba yao kisha wakakaa naye miaka wakimtazama akilia. Akauliza kama kuna mtu kati yetu anayekula na kushiba nyumbani huku ndugu yake yuko ugenini kwa ajili yake. Alisema hivyo hivyo, dada.

Basi nikaanza upelelezi. Wa kwanza niliyemshuku ulikuwa wewe, unisamehe. Nilimfuata mke wa mwalimu akichambua ulezi, nikamuuliza kijuujuu kama huko Hoima aliwahi kumjua mwanamke mrefu mwenye mwanya. Akasema Hoima wenye mwanya ni wengi kuliko wasio nao. Nikaona ananificha. Nikahamia kwa Mama Kyarikunda, kwa kuwa mama yake ndiye aliyekuwa jirani yetu wa bondeni, wale wakulima. Nikawa namsalimu nusu nusu, na chai yake nikaacha kunywa. Katungi naye nilimhoji. Akaniambia wokovu wangu umekuwa wa kipolisi, kwamba siku hizi hata jogoo akikohoa nauliza nani kamtuma.

Mwisho nikamwendea mwalimu mwenyewe kwenye migomba yake, nikamtaka amtaje anayempelekea umbea. Aliweka panga chini akanishangaa. Akasema anasoma kitabu cha Mwanzo sura kwa sura tangu Januari, na kwamba kwa Nuhu mbona sikulalamika. Kuhusu kunitazama, alisema miwani yake ilivunjika wakati wa Pasaka, hata benchi la mbele haoni nani kakaa. Halafu akauliza kwa upole, umbea wa nini? Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu, na nilipofika mlangoni nilikuwa nalia, maana hakuna aliyenisema, ni mimi tu niliyekuwa na habari.

Dada, unamkumbuka Bihogo, yule ng'ombe mwekundu ambaye baba alimwita kwa jina kabla hajatuita sisi. Unakumbuka kiwele chake kilivyovimba, akatoa damu badala ya maziwa, na siku ya tano akafa. Baba akatukusanya, akauliza ni nani amekula maharagwe na kunywa maziwa siku hiyo hiyo, ule mwiko wetu unaosemwa humharibu ng'ombe kiwele. Mimi ndiye niliyekula. Nilikula kwa jirani wa bondeni, kisha nikarudi nikanywa maziwa ya jioni kwa kuogopa nisiulizwe kwa nini sinywi. Na sikunyamaza tu, dada, hilo ndilo sijawahi kulitamka. Ulipotoka kuchota maji nilimfuata baba, nikamwambia nimekuona wewe jikoni kwao unakula.

Harusi yako ilikuwa mwezi uliofuata. Kila binti hutolewa na ng'ombe, wewe baba akakunyima, ukatoka na mkeka. Nikashika ncha moja ya mkeka huo mpaka barabarani, nikakuaga. Leo daktari wa mifugo anatuambia kiwele kile ni ugonjwa, maharagwe hayana kosa. Lakini uongo ulikuwa wangu, na huo ndio uliokufukuza kwenu.

Majuma mawili yaliyopita, Jumapili baada ya ibada, nilipiga magoti mbele ya baba, nikamwambia yote. Alilirudisha tonge bakulini. Akauliza kama Kobusingye alijua ni mimi. Nikasema sijui. Akaniambia nitoe chakula changu. Tangu siku hiyo anakula kwa mkono wa Katungi, na salamu yangu haitikii. Walokole walitaka kuniimbia Alhamisi iliyofuata, nikawaambia bado.

Ila jana asubuhi alimwita mchunga ng'ombe wake, akaomba aongozwe mpaka zizini. Akapapasa mitamba mmoja mmoja mgongoni mpaka akampata anayemtaka, wa ukoo wa Bihogo, akasema huyu ni wa Kobusingye, hata akizaa asikamwe na mtu mpaka mwenyewe aje. Amekuwa mzee sana, dada. Ukija, njoo upesi.

Sikuombi unisamehe kwa barua, na siku ukija, ukitaka niondoke nyumbani nitaondoka. Na usipokuja, sitamuuliza mtu nani amekuharibu moyo.

Msalimie shemeji, uwabusu watoto, hasa wale wasionijua. Mungu awatunze nyote.

Ni mimi, mdogo wako,
Kembabazi