Breki Zilikuwa Nzima

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku tunapumua. Mama goti linamsumbua kama kawaida, na kama kawaida anasema tatizo si goti, ni kiti. Anakula, ila mpaka jana alikuwa bado anapakua sahani tatu, halafu moja anairudisha kabatini.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Si kwamba kazi ilinibana, maana kazi yangu sasa ni nyepesi. Uliuliza kwa nini nimeacha kuendesha lori la magodoro nikakubali kuyapanga ghalani. Nitakuambia, lakini kwanza nikueleze habari za baiskeli ya Baba.

Polisi waliirudisha Jumanne. Gurudumu la mbele limepinda na kengele imeng'oka, lakini kile kisanduku cha bisibisi na mafuta ya cherehani bado kimefungwa nyuma kwa mpira, vile vile Baba alivyokifunga asubuhi ile akienda kutengeneza vyerehani vya wateja wake. Niliipeleka kwa fundi wake wa baiskeli, yule bwana mwenye maneno mengi. Nikamweleza ulivyoandika: kwamba Baba hakuwa mtu wa kukurupuka barabarani, kwa hiyo lazima breki zilikataa, na kwa kuwa baiskeli ulimnunulia wewe, basi umemuua wewe. Fundi aliweka gurudumu jingine, akapanda, akateremka nayo kwa kasi ule mteremko wa nyuma ya kibanda chake, akakamata breki. Ikasimama papo hapo, nusura arushwe. Alirudia mara tatu. Akaniambia nikuandikie kwamba breki ni nzima, na waya ni ule ule aliofunga kwa mikono yake.

Kwa hiyo nusu ya maneno yako ni kweli. Baba hakukurupuka. Unakumbuka alivyotufundisha: foleni isikudanganye, gari lililosimama ni gari linalojiandaa kuondoka, usipite mbele yake mpaka uyaone macho ya dereva naye ayaone yako. Nilipopata leseni aligeuza somo. Alinikalisha sebuleni akataka niape kwamba mwendesha baiskeli nitamtazama kama mtu, si kama kigingi cha kando ya barabara. Halafu akacheka, akasema haidhuru, mwanawe anaendesha vitanda, hata akimgonga mtu atamlaza vizuri.

Ripoti inasema mwendesha baiskeli aliingia barabarani ghafla akagongwa na pikapu, na hapakupatikana shahidi. Msibani watu walinihurumia kwamba nilikuwa kwenye foleni ile ile, nikashuka mbio, nikamkuta Baba amelala chini. Ndivyo nilivyowaambia, na wewe nilikuambia hivyo hivyo.

Dada, nilisema uongo. Lori ambalo Baba alipita mbele yake lilikuwa langu. Foleni ilikuwa imesimama, nami nimepakia magodoro mpaka juu. Baba akatokea kwenye barabara ndogo ya pembeni, akaweka mguu mmoja chini, akatafuta macho ya dereva. Akakuta ni yangu. Ungeona uso wake ulivyochangamka! Alipiga kengele mara mbili. Na mimi, kwa furaha ya kumwona, na kwa mbwembwe za kumwonyesha mzee kwamba mwanawe ni dereva mstaarabu, nikampungia mkono apite.

Sikutazama kioo cha pembeni. Safu ya pili ilikuwa imeanza kwenda, na ile pikapu ilikuwa inakuja kwa kasi ubavuni mwangu. Magodoro yangu yalimziba dereva wake asimwone Baba, na Baba asimwone yeye. Kama ingekuwa gari la mtu mwingine yeyote, Baba angesimama kwenye pua ya lori achungulie kwanza. Maisha yake yote alichungulia. Siku ile hakuchungulia, kwa sababu aliyempisha ni mimi. Alininyooshea mkono kunishukuru, akapita.

Polisi aliponiuliza kama nimeona lolote, nilijibu sikuona. Niliogopa jela, na zaidi nilimwogopa Mama, na nilikuogopa wewe. Miezi mitano nimekuacha ubebe mzigo usio wako. Hata barua yako ilipofika ikisema usingizi umekukimbia, niliikunja nikaitia mfukoni, nikatembea nayo wiki tatu. Naona aibu, dada.

Jumatatu nakwenda kituoni kubadilisha maelezo yangu, na liwalo na liwe. Mama nimemwambia leo asubuhi. Hakulia wala hakunigombeza. Aliniuliza tu kama Baba alinitambua, nikamjibu ndiyo. Mchana amepakua sahani mbili, yake na ya Baba.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Sikuombi unijibu, wala sikuombi unisamehe. Nakuomba ulale. Baiskeli nimeifuta vumbi, nimeiegemeza ukutani sebuleni. Siku ukija, kamata breki kwa mkono wako mwenyewe.

Mimi,
mdogo wako.