Mwizi wa Dhahabu Yako

Amani, mjukuu wangu unayetetemeka huko kaskazini,

Sisi wa Tottenham tunapumua. Bibi yako bado anaimba kanisani, Mungu anamvumilia. Kadi ya simu iliisha kabla sijakujibu, basi naandika.

Unasema mnaosha mchanga wa mashimo ya zamani, yale ambayo wachimbaji wa kale waliyeyusha barafu yake kwa moto. Mwenzako anapata dhahabu, wewe hupati, na unauliza kama umwite mwizi.

Ujanani kule Kongo, mimi na rafiki yangu Bisimwa tuliosha mchanga wa shimo moja. Karai langu lilibakiza dhahabu, lake tupu.

"Wewe mchawi!" akasema.

Tukabadilishana makarai. Alilolishika yeye likabaki tupu vilevile. Alipokunja ngumi usoni pangu, nikanusa mafuta ya mawese.

"Bisimwa, umekula sombe?"

Alikuwa ametoka kula kwa mkono majani hayo ya muhogo yenye mafuta, na chembe ndogo za dhahabu zikigusa mafuta huelea na kwenda na maji. Akajisugua mikono kwa majivu, dhahabu ikakaa. Hakuomba msamaha, ila kesho yake aliniletea samaki.

Sasa nusa mikono yako. Yale mafuta ya nazi aliyokutumia bibi yako kwa ajili ya baridi, unapaka bado? Basi mwizi tumempata. Ninalala naye kitanda kimoja.

Babu yako