Binti Yangu Ananizika Jumamosi

Jumatatu, 4 Machi 2019

Nimefukuzwa sebuleni kwangu! Nyumba nimeijenga mwenyewe, nguzo kwa nguzo, leo naingilia mlango wa jikoni kama paka mwizi. Waya kila mahali. Taa kama za uwanja wa mpira. Vijana wanakanyaga mikeka na viatu – na viatu! Mke wangu Kalsom angekuwapo wangejirusha mtoni wenyewe.

Lakini Kalsom hayupo, mwaka wa sita huu, na filamu wanayoipiga humu ni ya habari zake. Eja, binti yetu, ndiye bosi wa vurugu hii yote. Mama mtu aliuza wali wa nazi pale stendi ya Kuala Kangsar, akamsomesha uhasibu, binti akautoroka uhasibu akaenda kushika kamera. Filamu yake ya kwanza ilipewa tuzo Ulaya. Hapa mjini ilioneshwa siku tatu, na siku niliyokwenda tulikuwa mimi, Kalsom, na bwana mmoja aliyeingia kukwepa mvua. Ya pili wakaguzi walitaka kuikata hapa, kuikata pale. Eja akawaambia afadhali mnikate mimi. Ikafungiwa kabatini.

Tangu hapo, miaka tisa, anatengeneza matangazo ya Idi. Yale mafupi: mwana kachelewa kurudi kwao, mama kamwekea chakula kwenye kawa, nchi nzima inalia, kisha inakwenda kununua mafuta ya kupikia. Eti kazi!

Sasa amepata wafadhili wa filamu hii. Mwisho Jumamosi, maana Zalifah, anayemwigiza Kalsom, Jumapili anakwenda kuanza tamthilia ya televisheni. Ikifika Jumamosi haijakamilika, wafadhili wanaichukua wampe mtu mwingine aimalizie. Na kilichobaki ni kipande kimoja tu, cha mwanzo kabisa.

Nikauliza, na mimi nimo humo? Akasema umo, Baba, mwanzo kabisa. Nikaanza kutafuta kofia yangu ya Idi. Kumbe nimo kama maiti!

“Hata neno moja sina?”

“Baba, maiti hasemi.”

“Hata kukohoa?”

Siew Lan, msaidizi wake, alicheka mpaka redio ya kuongelea ikamponyoka.

Yaani nimepiga hesabu yangu. Kwenye dunia hii, Kalsom alitangulia, mimi nikabaki na kuku. Kwenye filamu mimi natangulia, Kalsom anabaki, anaishi, anauza wali, anacheka, mpaka mwisho. Amemfufua mama yake, amenizika mimi. Nikamwambia hivyo hivyo usoni. Akasema, “Ni hadithi tu, Baba. Kunywa chai yako.”

Chai yenyewe imepoa. Sukari wamemaliza vijana wa taa.


Jumanne, 5 Machi

Amefika mtu wa kuwa maiti yangu. Anaitwa Borhan, mwigizaji wa jukwaani kutoka Ipoh, mzee mwenzangu, kapaka nywele rangi nyeusi ti. Nikamzunguka nikamkagua. Tumbo kubwa kuliko langu mara mbili. Nikamwuliza Eja, ndivyo unavyoniona? Akasema, kwenye kamera litapungua. Mwongo.

Sasa sikia balaa. Siew Lan katumwa surau, msikiti wetu mdogo, kuazima jeneza, lile lenyewe la kijiji. Imamu kakubali. Vijana wanne wamelibeba barabarani, mchana kweupe, mpaka mlangoni kwangu. Turubai limeshafungwa. Viti vimepangwa. Wewe ungefikiri nini? Ismail muuza samaki kapita na pikipiki, kaona, hakuuliza! Katuma kwenye kundi la wasapu la surau: Inna lillahi, mzee Deraman ametutoka, Mungu amsamehe mengi.

Mengi! Kaandika mengi!

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nakula fenesi la kukaanga. Nasikia kilio. Dada yangu mkubwa, Saodah, katoka Taiping kwa teksi, gunia la mchele begani mwa dereva, kilio kimetangulia mbele. “Deraman mdogo wangu! Umeniacha na nani!” Kaingia sebuleni, kamkuta Borhan amelala mkekani anapimwa mwanga, kamrukia miguuni, analia. Borhan naye, fundi wa kazi yake, akatulia tuli asiharibu. Nikatokea jikoni, mdomo mafuta.

“Dada, huyo si mimi. Mimi ni mzuri kuliko huyo.”

Alinipiga na mwavuli. Mabegani, mgongoni, na pigo moja la kichwa. Kisha akanikumbatia, kisha akaendelea kunipiga. Thanaraj wa kamera alikuwa anarekodi, mshenzi yule.

Watu wamekuja mpaka jioni. Kila mmoja nampokea mwenyewe mlangoni: karibu, marehemu anawasalimu. Wengine wamekasirika, eti nimewapotezea safari. Kwa hiyo ningekufa kweli ndiyo mngeridhika?


Jumatano, 6 Machi

Borhan amekimbia!

Asubuhi walimlaza katikati ya sebule, uso ukielekea kibla kama inavyopasa, shuka la batiki juu, mkasi wa chuma tumboni kama tunavyowawekea wafu wetu. Eja akauliza, tayari? Borhan akafumbua macho, akaliangalia jeneza pale mlangoni. Akasema, hili ni la kweli? Siew Lan, kwa ukarimu wake, akamjibu ndiyo mjomba, limebeba watu wengi sana. Borhan akautoa mkasi tumboni taratibu, akaukabidhi, akavaa viatu. Kasema kwenye jukwaa amekufa mara nyingi, lakini kwa vifaa vya kuigizia. Akaondoka na teksi ile ile iliyokuja kumchukua Dada Saodah, ambaye amekataa kuondoka.

Wamepiga simu huku na huku. Wazee wa kijiji hakuna anayetaka. Ismail muuza samaki, aliyeniua jana bila hofu, leo anasema mgongo unamuuma.

Mchana Eja kaja jikoni. Kaosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Nikajua.

“Baba.”

“Sitaki.”

“Sijasema kitu.”

“Umeosha vikombe.”

Kabla hajafungua mdomo tena, Dada Saodah akainuka na mwavuli wake. Kifo hakichezewi! Ukikiita kinasikia! Mtoto gani anamlaza baba yake aliye hai chini ya batiki? Mama yako amezaa mtoto au kamera? Miaka yote umeshindwa kuolewa, umeshindwa kuweka filamu kwenye sinema, sasa unatafuta laana!

 Eja alikausha kikombe. Akakikausha tena.

Mimi na dada yangu tumegombana mpaka alasiri. Si kwamba namtetea mtu. Ila utukane mtoto wangu jikoni kwangu? Kazi ya kumtukana ni yangu.


Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Kila kitu kimepoa, kinachochemka ni kichwa changu tu.

Baada ya sala Imamu alinivuta pembeni. Kasema, nasikia unafikiria kufa kesho, basi usisahau kufufuka kabla ya adhuhuri, zamu ya kufagia surau ni yako. Anajiona mcheshi.

Nimerudi nimemkuta Eja ngazi za nyuma, simu sikioni. Anaongea na wafadhili. Ndiyo bwana. Ndiyo, kesho. Maiti tumempata, ndiyo. Sauti ile ile ya utotoni, ukimwuliza kasoma akasema kasoma. Amekata simu akakaa akiangalia kuku. Nywele zake nyeupe zimekuwa nyingi kuliko zangu, na mimi ndiye mzee!

Sikuvumilia. Nimemwambia haya, nitakufa, lakini nina masharti. Kikoi changu mwenyewe. Mkasi upashwe moto kidogo, una baridi. Na Ismail asiandike kitu.

Alicheka kwanza. Halafu akaingia ndani haraka.

Dada Saodah haongei na mimi. Anaongea na kuku kwa sauti kubwa ili nisikie.


Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa nimelala. Naandikia chini ya shuka, kwa mkono mmoja tu, nimekatazwa kuinuka. Mikunjo ya batiki isibadilike, anasema Siew Lan, kila mkunjo kaupiga picha. Mvua inapiga bati, sauti hairekodiki, tunasubiri. Zalifah yuko pembeni yangu na ushungi wa mjane, anakula biskuti. Gari lake linanguruma nje.

Ile mara ya kwanza nilikosea mimi, nakubali. Kidole cha mguu kiliwasha.

Mara ya pili nilikufa vizuri. Zalifah kafunua uso, kaniangalia, kanibusu paji, kafunika. Wasomaji wa Yasini wote kimya. Eja akasema: tena.

Mara ya tatu nilikufa vizuri zaidi. Nilibana pumzi mpaka nikaona nyota. Zalifah alilia machozi ya kweli, yakanidondokea sikioni, sikutikisika! Thanaraj akainua dole gumba. Hata Dada Saodah pale mlangoni alianza kwikwi, naye aliapa hatatazama. Eja: tena.

Mara ya nne, tena.

Lahaula! Nilizaliwa mara moja, nikaoa mara moja, nife mara ngapi?

Thanaraj kaniinamia: “Mjomba, umekufa barabara kabisa. Sijui Dada Eja anataka nini.”

“Kamwulize yeye.”

“Namwogopa.”

Siew Lan ndiye aliyekwenda. Nimemsikia: Dada Eja, mwanga unaondoka, Zalifah anaondoka, zile mbili zimetoka safi, sema basi tumalize. Eja anasema bado. Siew Lan anauliza kilichokosekana nini, turekebishe. Eja anasema shuka.

Shuka! Shuka analipanga yeye mwenyewe! Kila mara anakuja yeye kunifunika, hataki msichana wa mavazi aguse. Leo nzima kazi yake ni hiyo, kunifunika na kurudi kwenye kioo chake cha kutazamia picha.

Alipokuja sasa hivi, kabla ya mvua, nilifungua jicho moja.

“Baba, funga.”

“Ilitoka sawa tangu ile ya pili.”

 Akavuta shuka mpaka kidevuni, akaishia hapo. Mkono ukabaki kwenye paji langu, kama mtu anayepima homa.

“Unapumua, Baba?”

“Napumua kwa siri.”

“Safari hii pumua kidogo.”

“Ebo! Maiti apumue? Mkasi utapanda, wote wataona!”

“Kidogo tu,” akasema. “Nione mimi.”

Halafu mvua ikamwagika, akaondoka bila kunifunika.

Sasa nimelala hapa, na watu wote hawa, na taa, na gari linalonguruma, sijui nifanye lipi. Nikibana pumzi, filamu yake imekwisha na yeye hatasema imekwisha. Nikipumua, nimeiharibu, na kesho wenye pesa wanaichukua. Na wa kumwuliza, hayupo. Kalsom angemjulia mtoto huyu.

Mvua inapungua. Siew Lan anaita watu mahali pao. Zalifah anajipangusa makombo ya biskuti. Dada Saodah ameingia mpaka ndani, amekaa na wasomaji wa Yasini, na mwavuli mapajani.

Eja anakuja, ameshika ukingo wa shuka, ananiangalia kana kwamba anatafuta pumzi yangu. Naficha kalamu.