Sabini Ulimpa Nassor

Baba,

Amani ya Mola ikushukie huko ulikotangulia, wewe na majirani zako wa makaburini.

Nnakuandikia kwa sababu sina njia nyengine ya kukufikia. Nassor huja kwako kila Ijumaa baada ya sala, akasimama, akakuombea dua, akarudi nyumbani kula. Yeye ndiye aliyeingia kaburini kukupokea. Mimi nilikuwa ndani na wanawake wenzangu, nimejiziba mdomo kwa mtandio, nikisikia magari yenu yanavyoondoka. Hata siku ile, Baba, katikati ya kilio, nilimwonea wivu mdogo wangu kwa kuwa mikono yake ndiyo iliyokushika mwisho.

Haya, nikupe habari za nyumbani. Mama hajambo. Ametoka eda, na siku ya mwanzo kutoka alitaka apelekwe Bustan akaione bahari. Alikaa garini tu, hakushuka. Alisema upepo unamtosha. Chumba chako hapa Hail hatujakigusa. Stoo nayo iko vile vile, na meza yako ya kujazia risasi nnaifuta vumbi mwenyewe.

Na bunduki zako mbili zimeshahamishwa leseni, kila moja kwa mwenyewe kama ulivyotugawia ulipokuwa mzima. Nassor amechukua ile ya 45-70, wewe ukiiita Sabini. Mimi nimechukua ya 444, uliyoiita Nne-nne kwa uvivu wa kuitaja nne ya tatu. Mbele ya watu nilisema alhamdulillahi. Moyoni sikusema hivyo.

Kwani nani alikaa na wewe stoo, Baba? Mimi. Tangu nikiwa msichana wa skuli, Nassor yuko nje na mpira wake, mimi nasafisha maganda yaliyokwisha pigwa ili yajazwe tena, napachika fataki za kuwashia, napima baruti kwenye mizani huku nikizuia pumzi isije ikapeperusha chembe. Risasi nikizijaza mimi. Kisha ikifika siku ya kwenda uwanja wa shabaha, Sabini anapewa Nassor. Mimi ukinambia, "Hiyo itakuvunja bega, mwanangu. Shika Nne-nne yako." Nikashika. Sikuwahi kuipiga Sabini hata mara moja uhai wako wote.

Unakumbuka ubishi wako na rafiki zako barazani? Ipi kati ya hizo mbili ingemwangusha nyati. Nyati gani, Baba, na hapa Maskati mnyama mkubwa tunayemwona ni ngamia anayekatiza barabara? Nilikuwa nikileta kahawa nasimama makusudi nisikilize. Nne-nne, ganda lake refu, risasi yake nyepesi, presha kubwa, inaruka kwa kasi na kwa mbali haishuki upesi. Sabini, ganda pana la kizamani, risasi nzito kama kidole gumba. Wewe ukimaliza ubishi kwa neno moja: "Nne-nne inakimbia, Sabini inafika." Na mimi nikirudi jikoni nimenuna, kama vile umenisema mimi.

Sasa sikia yaliyotokea.

Wiki iliyopita, alasiri, Nassor alikuja kutoka kwake Madinat Sultan Qaboos na kiboksi mkononi. Amenunua mizani mpya na mashine yake mwenyewe ya kukandamizia risasi gandani, amejaza risasi za Sabini peke yake. Alikuwa amefurahi, uso wote meno. "Dada," akanambia, "hizi nimezipa nguvu. Kesho tuone kama Nne-nne yako itafua dafu."

Nikamuuliza ametia baruti kiasi gani. Akanitajia.

Nikajua pale pale kuwa imezidi. Wewe mwenyewe ulinifunza: kitabuni Sabini ina kurasa zake za vipimo vya baruti kwa bunduki kongwe, na ina kurasa nyengine za bunduki mpya zenye chuma kigumu. Ganda ni hilo hilo, kwa macho huwezi kuzitenganisha. Mwenye kuchanganya kurasa atalipa kwa uso wake. Na Sabini yako ni kongwe, Baba. Imekuzidi umri.

Nnataka nikwambie ukweli wote. Sikusema mara moja. Wivu una sauti, na sauti yake ni ya upole. Sauti hiyo ikanambia: si yake? Si yeye ndiye aliyepewa? Mwache na mali yake. Nilimtazama anavyokifunga kile kiboksi, na vidole vyake ni vyako, Baba, hata ile kucha ya kidole gumba iliyopinda. Nikakizuia kiboksi kwa mkono.

"Usizipige hizo," nikasema. "Zitaipasua bunduki."

Akacheka. "Una wivu tu wewe, Dada."

"Nna wivu, ndiyo. Tangu siku ile ulipopewa Sabini nna wivu na wewe. Na hizo risasi zitakupasua uso. Yote mawili ni kweli, Nassor."

Kicheko kikamkatika. Nadhani alitegemea nikatae. Nikamtolea kitabu cha kujazia kutoka rafuni, nikamfungulia pale inapoanza sehemu ya bunduki kongwe, nikamwacha asome mwenyewe. Alisoma mpaka mwisho wa ukurasa. Kisha akavuta kiti, akakaa upande wako wa meza. Nikataka kumwambia asikae hapo. Nikasogeza mizani kumpa nafasi.

Tukazichomoa zote, moja moja, kwa ile nyundo ya kugonga inayotoa risasi gandani. Baruti tukaimwaga, tukaanza upya. Mimi nikapima, yeye akavuta mkono wa mashine. Mwisho akanambia kwa sauti ndogo, "Nifundishe, Dada. Mimi Baba hakunifundisha kujaza." Nilijifanya nahesabu maganda.

Asubuhi yake tukaenda uwanjani. Tulipanga madumu ya maji, moja nyuma ya jengine, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikapiga mimi kwanza. Nne-nne ililipasua dumu la mbele maji yakaruka juu, waliokuwepo wakashangilia, na mimi nikafurahi kama mtoto aliyeshika mwezi. Risasi yangu tuliikuta imelala ndani ya dumu la pili. Kisha akapiga Nassor. Dumu la mbele halikufanya vituko. Likatoboka, la pili likatoboka, la tatu likatoboka, na risasi ikaenda zake mchangani. Sabini, mzee yule, kwa baruti ya upole niliyompimia mimi mwenyewe, alinipita. Nilimpa mkono ndugu yangu nikamwambia hongera, kisha nikageuka kuokota maganda.

Kisha Nassor akanipa Sabini. "Piga na wewe," akasema. "Hujawahi."

Nikaikaza begani. Nikang'ata meno nikingojea kuvunjika. Nikafyatua.

Haikuniumiza, Baba. Ilinisukuma tu, taratibu, kama mtu anayeomba kupita mlangoni. Nne-nne ndiyo inayopiga bega kama fimbo. Miaka yote hiyo nimerudi nyumbani na bega jeusi nikidhani nimepewa iliyo laini.

Nilikwenda kukaa garini, nikafunga mlango.

Wewe ulijua. Hapana aliyezijua zile bunduki kukushinda. Nassor anasema ulinipa iliyo ngumu kwa sababu uliiamini mikono yangu. Ni maneno mazuri, na alinambia kwa mapenzi. Huenda ni kweli. Na huenda ulitaka tu mwanao wa kiume awe na kile ulichokipenda zaidi, ukatafuta sababu ya kunambia mimi. Nimekuuliza nikiwa kwenye mswala, nimekuuliza njiani naendesha gari. Hujibu. Nimechoka kukujibia.

Kwa hivyo nakuaga, Baba, na wivu wangu ninao, sijauweka chini popote. Mola akunawirishie kaburi lako, akusamehe, na mimi anisamehe. Na ahadi yangu kwako ni hii: Nassor hatajaza risasi peke yake tena. Kuanzia Alkhamisi hii atakuja hapa kila wiki, nitamfundisha yote uliyonifundisha, sitamficha hata moja, ijapokuwa hayo ndiyo peke yake niliyokuwa nayo mimi na yeye hana.

Lakini nilipokuwa nikikamilisha risasi ikatoka sawa, ulikuwa ukiigeuza kwenye mwanga, ukinambia, "Vyema, mama." Hilo simpi. Hilo nimelifungia moyoni mwangu.

Mwanao,
Zuwena